Siku Sita Tanurini

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Hawakusema kwamba haba na haba ndiyo pia hukikausha. Mama Joto alilijua hilo. Miaka tisa alikuwa mpimaji wa bodi za umeme za mashine za kufulia: bodi zinakaa kwenye tanuri siku kumi mfululizo, zikivumilia anazibandika karatasi ya kijani, zikishindwa nyekundu. Zamani walikuwa wanne katika chumba cha upimaji, na kicheko chao kilifika geti la kiwanda. Wakapunguzwa mmoja mmoja, akabaki yeye na mvumo wa feni.

Bodi nayo ikapunguzwa vivyo hivyo. Kwanza iliondolewa rangi ya kukinga unyevu. Hakuna kilichotokea. Ikapunjwa risasi inayoyeyushwa kuungia vipande vyake. Hakuna kilichotokea. Bodi ikafinywa iwe ndogo, na kapasita, kale kakopo kanakotuliza umeme, ikabanwa ubavuni mwa kipande kinachochemka. Kisha ikaletwa kapasita dhaifu, iliyopungua bei kwa thamani ya njiti moja ya kiberiti. Na siku kumi za tanuri zikawa moja.

"Siku moja hata mimi nakaa humo," Mama Joto alimwambia meneja mbele ya wafanyakazi wengine.

"Basi ingia!"

Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, maana wiki nzima alikuwa hajacheka na mtu.

Lakini mkono uliozoea hauamriwi. Alibandika kijani kama alivyoagizwa, ila bodi sita alizificha rafu ya chini ya tanuri zimalize siku zake kumi. Siku ya sita alifungua mlango akakuta kapasita zote zimevimba kama shavu lenye jino bovu. Bodi mia nane za fungu lilelile zilikuwa zinasubiri lori, kila moja na kijani chake. Alizifuata moja moja, akabandua, akabandika nyekundu.

Lori likaondoka tupu. Kazi ikasimama, zamu ya mchana ikarudishwa nyumbani bila malipo. Kesho yake alipoweka sahani kwenye meza ya kantini, wenzake walibeba zao wakahama. Benchi zima likawa lake.

Mfunga skrubu, shoga yake wa siku nyingi, ndiye pekee aliyemjia, naye hakukaa.

"Dada, meneja anataka maneno mawili tu: 'Nimekosea, samahani.' Basi, turudi kazini."

"Na mashine zikifa?"

"Zitafia kwa watu. Kwani wewe ndiye uliyezizaa?"

"Karatasi ni yangu."

"Haya, kaa na karatasi yako. Tuone kama itakupigia soga."

Hilo lilimchoma. Alikula kidogo, akasikia kijiko chake kikigonga sahani, na hakuna kingine.

Saa nane wote waliitwa uani. Meneja alisema wazi: akiomba radhi, nyekundu zitabanduliwa na kazi itaendelea; asipoomba, aache ufunguo wa chumba aende zake. Mama Joto alitafuta jicho la mtu hata mmoja. Wote walikuwa wanakagua viatu vyao.

"Nimekosea," alianza, na mabega ya watu yakashuka kwa nafuu. "Nilibandika kijani huku najua. Kosa langu ni hilo, na nimelibandua kwa mkono wangu."

Akaweka ufunguo juu ya boksi.

"Hizi nyekundu siziombei radhi. Nisusieni mpaka nizeeke. Siombi."