Rekebisho la Mstari Mmoja

Rekebisho lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Programu ya bure ya wafuga nyuki, inayoandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, ilikuwa inausahau mzinga wowote uliohamishwa. Haralampi, fundi wa kompyuta mstaafu wa mji wa Lovech, Bulgaria, mgane wa miaka mitatu, alilisaka kosa hilo siku nne, akalirekebisha, akalituma. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuwatumia watu wale chochote. Tangu hapo akawa anachungulia ukurasa ule kila akimaliza chai, maana alitaka kitu kimoja tu: binadamu mmoja amwambie limefaa.

Mwezi ukapita, kimya. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kumtaja mhakiki, yaani mtu unayemwomba akukagulie kazi, naye aliiacha tupu. Kwao mtu hajiitii watu. Siku ya jina lako, yaani sikukuu ya mtakatifu uliyepewa jina lake, unaandaa meza, wanaokupenda wanakuja wenyewe, ukialika, umejiaibisha.

Tarehe kumi Februari, siku ya jina lake, meza ilikuwa tayari tangu asubuhi: mkate uliopakwa asali, jibini, divai, glasi sita. Glasi sita, jamani, kwa mtu asiyetembelewa tangu matanga ya mkewe. Saa kumi jioni kompyuta ikalia. Aliikimbilia na kandambili mguu mmoja. Ulikuwa ujumbe wa roboti ya mradi, unaojituma wenyewe: rekebisho limefungwa bila kupokelewa, kwa kuwa hakuna aliyelishughulikia.

Ilimuuma. Akaandika kwa hasira kwamba hata kukataliwa kungekuwa afadhali. Punde akajibiwa na Tereza, msimamizi mmoja wa mradi aliyeko Ureno.

"Bwana Haralampi, rekebisho lako ni zuri, nimeshalipokea. Ila hapa tuko wachache. Usipomtaja mtu, kila mmoja anadhani mwenzake analishughulikia. Mbona hukuita?"

Limepokelewa! Alisoma mara tatu, akageuka amwambie mtu, akaziona zile glasi.

Akampigia simu mwanawe Kamen, anayekaa Pleven.

"Leo ni siku ya jina langu."

"Najua, baba."

"Basi njoo."

"Mwaka juzi nilikuja bila kuitwa. Nilibisha nusu saa nzima. Taa inawaka, nakusikia unakohoa. Nikasema basi, mzee hataki watu."

Haralampi alikumbuka vizuri. Alikuwa amekaa hapohapo mezani, kiti cha marehemu mkewe mbele yake, na hakutaka mtu akikalie. Siku zote hizi alikuwa akiwalaumu watu kwa kutokuja. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Njoo, mwanangu," alisema tena.

"Barabara ina barafu, baba. Nitaona."

Simu ikakatika. Haralampi akakibeba kile kiti cha mkewe, akafungua mlango, akauzuia nacho usijifunge. Baridi ya ngazini ikaingia mpaka mezani. Akavaa koti, akakaa.