Magoti Mbele ya Mtani

Kwa mara ya tatu juma lile, Saran Marah, askari wa hifadhi ya Milima ya Loma, alipiga magoti mbele ya Mzee Yira na kumnyooshea barua kwa mikono miwili. Kesho yake mzee angechoma pori alilolifyeka apande mpunga, na moto usingesita kushuka korongoni wanakolala sokwe. Saran alikuwa amehesabu viota kumi na vinne, kimoja cha mama mwenye kitoto kichanga.

"Baba, nakuomba..."

"Afisa, nimekataa," alisema mzee, akitafuna kokwa chungu ya kola.

Mkewe, Tina, alikuwa akipepeta mchele. "Binti ana adabu, jamani. Wa ukoo gani, mwanangu?"

"Marah, mama."

Ungo ukasimama. Mzee akapaliwa na kola.

"Marah? Na mimi Kargbo! Mtani wangu, siku tatu unanipigia magoti kama nimekufa? Nani kakulea, mbuzi?"

Saran aliona haya. Barua ilisema "Mzee Yira" tu, naye hakuuliza zaidi. Akainuka, akajikung'uta magoti.

"Toka kwenye kiti changu, mtumwa wangu," alisema.

Majirani wakaangua kicheko. Mzee akatoka kitini, maana mtani hanuniwi.

"Haya," alisema Saran, akikikalia. "Shamba hili tuliwaazima mlipokuja hapa mnalia njaa. Upande wa korongo utakata njia ya kuzuia moto, upana hatua thelathini."

"Thelathini? Marah hajui kuhesabu! Arobaini."

"Arobaini, basi. Lakini kwa miguu yangu, si hiyo yako ya kuku."

Mzee alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Kisha akamvua Saran kofia ya kazi, akaivaa. Kofia ilikuwa mali ya ofisi, na Saran angeulizwa. Lakini mtani hadaiwi alichochukua.

Asubuhi walifyeka pamoja, Saran akichomwa utosi na jua, mzee akiwafokea wanawe kofia ikiwa imemfunika nyusi: "Moto ukivuka hapa nitawakamata nyote!"

Haukuvuka. Moshi ulipopungua, sokwe walianza kupiga kelele korongoni, mmoja, kisha kundi zima.

"Wanakushukuru, mzee," alisema Saran.

"Mimi? Wanawaita ndugu zao, ninyi kina Marah. Nenda, usiwacheleweshe."