Makoti ya Kondoo

Mwisho wa vuli, wakati ambapo huanguka theluji, ilinyesha mvua, na kesho yake ikaganda. Nyasi za bonde zima zikabaki chini ya barafu; kondoo walizitazama tu wasiweze kuzifikia.

Yanjmaa na mumewe Luvsan walikuwa na kondoo mia nne. Majira ya baridi yalipofika katikati, walibaki sitini na wawili. Kila asubuhi Yanjmaa aliburuta mizoga hadi nyuma ya zizi. Luvsan alikuwa amelala kwa siku ya sita, uso kwenye ukuta wa hema lao.

"Mzee, amka unywe chai."

"Ya chumvi tupu, bila maziwa?"

"Ndiyo iliyopo."

"Wape kondoo."

Mifugo ikifa hakuna mavi ya kukausha, na bila mavi hakuna moto. Mlango wa zizi walishauchoma.

Asubuhi moja Yanjmaa alifungua kamba za hema, akashusha tabaka la nje la manyoya yaliyoshindiliwa, akaanza kulikata vipande. Upepo ulipomwingia shingoni, Luvsan akatoka.

"Unafanya nini?"

"Nawakatia makoti."

"Na sisi?"

"Sisi tuna tabaka la ndani. Wao hawana hata hilo."

Manyoya yale aliyashindilia mama yake Luvsan kwa mikono yake, mwaka walipooana. Yanjmaa akangoja matusi. Luvsan akapiga magoti thelujini, akashika ncha ya pili.

"Vuta kwako," alisema. "Unakata kama panya."

Yanjmaa akacheka, kisha akaona haya.

Makoti yalitosha kondoo thelathini. Luvsan aliwachagua wenye mimba, Yanjmaa akawafunga makoti. Wale waliobaki bila makoti, wote wawili hawakuwatazama usoni.

Tufani ya theluji ikavuma siku tatu. Walipochimba njia hadi zizini, makoti yalikuwa magumu kama mbao, na karibu kila koti lilikuwa na mzoga ndani yake. Katika kundi zima walipona saba tu. Luvsan alijaribu kuyavua arudishe ukuta wa hema, lakini yalikuwa yameshikana na ngozi.

"Yaache," alisema Yanjmaa.

Theluji ilipoyeyuka waliwaacha wale saba kwa jirani, wakahamia mjini, kwenye vilima vya mahema na moshi wa makaa, Luvsan akapata kazi ya kulinda ghala. Siku moja sokoni Yanjmaa alikutana na mwanamke wa kwao, naye akamsalimu kama wafugaji wanavyosalimiana siku zote:

"Mifugo imenona?"

"Imenona," akajibu Yanjmaa.

Hakuna jibu jingine alilowahi kufundishwa.