Ukurasa wa Shukrani

Ruurd Algra hakuja kuuliza maswali, alikuja kuchinja. Jildou Hoekema alilijua hilo tangu profesa huyo alipoingia ukumbini na joho lake jeusi, tasnifu ya uzamivu ya Jildou imebandikwa vikaratasi vya njano kila mahali. Miaka minne Jildou alikuwa akisomea namna mashirika yanavyobadilika, na mfano wake ulikuwa nyumba mbili za wazee zilizounganishwa kuwa moja. Mpango wa kuziunganisha uliandikwa na nani, kama si Algra mwenyewe! Na tasnifu ilisema bila kumung'unya maneno: juu wamebadili mabango, chini watu wanafanya kazi vilevile.

Utaratibu wa vyuo vya Uholanzi ni huo. Mtahiniwa anabanwa mbele ya umma kwa dakika arobaini na tano, mpaka bibi mwenye fimbo aingie, agonge sakafu na kutamka kwa Kilatini kwamba saa imetimia. Hapo hata kama uko katikati ya neno unanyamaza, na umeokoka. Zilibaki dakika sita.

"Mtahiniwa, ukurasa wa mia na kumi na mbili," Algra alisema. "Mhojiwa namba saba. Hebu tusomee."

Jildou akasoma: "'Ratiba ya kompyuta tunaijaza baada ya zamu, ofisi ifurahi. Ratiba ya kweli iko kwenye karatasi, ndani ya kabati la mashuka.'"

Watu wakaangua kicheko. Marga Dijksma, mkurugenzi wa nyumba ile, aliyekaa safu ya mbele, hakucheka. Alikwisha kuwaapia wafanyakazi kwamba atakayechezea ratiba atafungasha virago siku hiyohiyo.

"Namba saba ni nani?"

"Mheshimiwa Profesa, unajua fika kwamba sitaji majina. Niliahidi."

"Uliahidi! Basi fungua ukurasa wa mwisho, mama wa ahadi. Shukrani. Au nikusomee?" Akakohoa kwa madaha. "'Na kwa Sietske, aliyenifungulia kabati la mashuka.'"

Loo! Shukrani aliziandika siku ya mwisho, amechoka hoi, moyo umejaa mapenzi, wala hakuuona ukurasa ule kuwa sehemu ya utafiti. Miaka minne ya kufunika majina, kisha unamfunua mtu kwa mkono wako mwenyewe! Mpumbavu wee, alijitukana. Nyuma kabisa Sietske Bonnema, mhudumu wa zamu ya asubuhi, alikuwa ameinamisha kichwa juu ya keki aliyoipakata. Marga Dijksma alikwisha kugeuka, anamkodolea macho.

"Ndiye, siyo?" Algra akasema. "Jibu, binti. Au nadharia zako zimekauka?"

Dakika mbili. Angenyamaza tu, fimbo ingemkuta na shahada yake mkononi. Lakini kunyamaza kwenyewe kulikuwa jibu.

"Hakuna namba saba," akasema.

"Unasemaje?"

"Sietske alinifungulia kabati nipate taulo, nilikuwa nimenyeshewa. Basi. Maneno yale nimeyatunga mimi."

Msimamizi wake akajifunika uso. Hata Algra alibabaika. "Unajua unachokisema? Hiyo ni shahada yako!"

"Naijua kuliko ulivyoijua nyumba ile."

Fimbo ikagonga sakafu. "Hora est."

Watahini walitoka, wakarudi, na mwenyekiti akasoma uamuzi bila kumtazama: hakuna shahada, na uchunguzi ungeanza. Jildou akatoka nje ya ukumbi. Sietske alikuwa akimngoja pale mlangoni. Jildou akanyoosha mikono amkumbatie.

"Usiniguse!" Macho ya Sietske yalikuwa mekundu. "Nani kakutuma unitetee?"

"Sietske, Marga angekufukuza..."

"Anifukuze! Miaka thelathini na moja nawaogesha watu, hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza kazi inaendaje. Wewe ukaniuliza. Nikasema, ukaandika. Nimemsomea dada yangu ukurasa ule mpaka ameuhifadhi. Leo unasimama mbele ya watu wote unasema umeutunga wewe?"

Sietske akamsukumia keki mikononi, akakata njia katikati ya watu mpaka kwa mkurugenzi.

"Bi Marga," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "namba saba ni mimi."