Mti Katika Ardhi ya Akina Lendore

Merle Baptiste alikuja kisiwani Carriacou kwa majuma matatu. Mwezi wake wa tano huko ulipoingia, alikuwa haulizi tena chumvi iko wapi.

Alikuwa akijua saa ambayo mashua za kijiji cha L'Esterre hurudi na samaki, na dereva yupi wa basi hukubali kumngoja mtu aliyesahau mkoba. Kanisani watu walimwachia nafasi yake kwenye benchi la tatu kana kwamba alibatiziwa humo. Mwenyeji wake, Ismena Lendore, aliyatazama hayo yote kwa jicho la pembeni. Walikuwa marafiki tangu ujana wao, waliposhona kola za mashati kwenye meza moja katika kiwanda cha Port of Spain, Trinidad, na ni Ismena mwenyewe aliyemwandikia barua ya kumwalika. Hata hivyo, hakuwa amemwalika ili azoee kiasi hicho.

"Shoga, mgeni wako ana macho," Clementina, jirani wa upande wa chini, alimwambia asubuhi moja huku akianika nguo. "Juzi kaniuliza mpaka wenu na wetu unapita wapi. Nikamwonyesha lile jiwe. Akasema, 'Aa, kumbe ni pale.' Kumbe nini? Mimi na wewe tumeligombania jiwe lile miaka thelathini, yeye kalijua kwa asubuhi moja!"

"Labda alikuwa akipiga soga tu."

"Soga za mipaka? Haya. Wewe endelea kumpikia."

Ismena hakucheka. Nyumba yake ilisimama juu ya ardhi ya ukoo, na ardhi ya ukoo haiuzwi wala haigawanywi. Kila aliye na damu ya akina Lendore ana haki ndani yake, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Watoto wa dada yake walikuwa Huddersfield, Uingereza, na hakuna hata mmoja aliyetamani kurudi kuchunga mbuzi. Aliyemtia hofu ni mtu asiyemjua hata jina. Kaka yake Alban, baharia, ambaye sasa alikuwa amelala kaburini nyuma ya jiko, aliwahi kusemwa kwamba aliacha mtoto Port of Spain. Mtoto huyo, kama alikuwapo, angekuwa mtu mzima wa miaka arobaini. Angeweza kuja siku yoyote akaweka mawe ya msingi mbele ya dirisha la Ismena, na asiwepo mtu wa kumzuia.

Kila Alban alipotia nanga Port of Spain siku zile, alikuwa akija kula chumbani kwa Ismena na Merle. Hilo ndilo lililomkosesha Ismena raha: kwa miezi mitano Merle hakuwa amelitaja jina la Alban hata mara moja. Mtu aliyemfahamu marehemu huuliza aliumwa nini. Merle alilipita kaburi lile kila siku akienda kuchota maji ya mvua katika birika kubwa la uani, akanyamaza.

Mahindi na mbaazi zilikwisha vunwa, ikakaribia siku ya kuachilia mifugo, ambapo kila mtu hufungua kamba za mbuzi na kondoo wake wajilishe popote mpaka mvua zirudi. Merle alimjia Ismena jikoni alipokuwa akisonga sima.

"Ismena, huna kipande cha waya? Nataka kuzungushia kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Kitu tu, mbuzi wasikile."

"Shambani hamna kitu. Mbuzi watakula nini, viatu vyako?"

Merle alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. "Basi, acha. Nitakata miiba."

Kesho yake Merle alipanda basi kwenda mjini Hillsborough. Basi lilipokata kona, Ismena alijifunga kitambaa kichwani, akaufuata mkururo wa majani ya miiba yaliyodondoka njiani. Nyuma ya birika alikuta mche wa mshelisheli, urefu wake kama mkono, una majani matatu, umezungushiwa miiba kwa ustadi.

Mgeni huruhusiwa kupanda kitu cha msimu: mahindi, mbaazi, viazi vitamu. Atavuna, aende zake. Mti haupandwi hivyo. Apandaye mti katika ardhi ya ukoo amekwisha kutangaza, bila kufungua kinywa, kwamba yeye au damu yake ana haki mahali hapo, na majirani watamshuhudia. Merle angeweza kusema hakulijua hilo. Lakini mtu asiyelijua huulizia mipaka ya nini?

Ismena alichukua jembe. Mche uling'oka pamoja na bonge lake la udongo, na chini yake jembe likagonga bati. Lilikuwa kopo dogo la marhamu, na ndani ya kopo mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba kitu cheusi, kikavu, kilichofungwa kwa uzi mweupe. Ismena alikuwa amewaogesha watoto wachanga wa dada yake wote wanne. Hakuhitaji kuambiwa kwamba kile ni kitovu.

Mtoto wa Alban yupo, kumbe.

Alikaa ngazini, mche upande huu na kopo upande ule, mpaka Merle aliporudi saa sita na kikapu cha samaki.

"Mtoto yuko wapi?" Ismena aliuliza kabla mwenzake hajatua kikapu.

Merle aliutazama mche. "Umeung'oa."

"Nakuuliza, mtoto yuko wapi? Trinidad? Marekani? Anakuja lini kunitoa?"

"Kukutoa wapi, wewe Ismena?"

"Usinizungushe! Miezi mitano unakula sima yangu huku unapima ardhi yangu kwa macho. Hiki kitovu cha nani?"

"Cha Alban mdogo." Merle aliketi chini, palepale mchangani. "Aliishi siku kumi na tisa. Kitovu kilidondoka siku ya nane, nikakiweka nimpe baba yake akilete huku, akipandie mti kama desturi yenu. Baba yake alikuwa baharini. Aliporudi, hakukuwa na mtoto tena."

Samaki walianza kuvutia nzi, na hakuna aliyewafukuza.

"Na mwingine?" Halikuwa swali la rafiki, na Ismena alilijua hilo lilipokuwa likimtoka.

"Hakuna mwingine. Niape juu ya samaki hawa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kwamba nimekuja kuomba ardhi? Ungenitazama hivihivi unavyonitazama sasa. Na ule mpaka niliuulizia nisije nikampandia kwa Clementina, kesi ikamfuata mtoto hata huko aliko. Nimezeeka, Ismena. Nikifa, nani atalitunza kopo? Watalitupa na takataka."

Ismena aliuchunguza uso ule kama alivyokuwa akichunguza mishono kiwandani, akitafuta uzi uliolegea. Hakuuona. Lakini hapakuwa na karatasi wala shahidi. Akiurudisha mche ardhini, na siku moja akatokea mtu akisema mama yake ni Merle, mti huo utamtolea ushahidi. Asipourudisha, na Merle akawa amesema kweli, basi amemng'oa mtoto wa kaka yake kwa jembe.

Alisimama. "Beba mche. Shika hapo kwenye udongo, usimwagike."

"Kule birikani?"

"Mizizi ya mshelisheli ipasue birika? Hata hilo hulijui, nawe unajifanya mwenyeji."

Alichimba upande wa miguu wa kaburi la Alban, shimo refu kuliko lile la kwanza, akaliweka kopo kwa mkono wake mwenyewe. Clementina alikuwa amesikia jembe, akasogea hadi kwenye lile jiwe la mpaka.

"Ismena! Unapanda mti kiangazi hiki? Wa nani huo?"

Merle aliinamisha kichwa. Ismena alijinyoosha mgongo, akapaza sauti ili hata nyumba ya tatu wasikie.

"Wa mtoto wa kaka yangu!"

 Merle alichukua ndoo, akaenda kuchota maji ya kumwagilia. Ismena aliutazama mgongo wake mpaka ulipopotea nyuma ya birika, asijue bado kama ameambiwa kweli yote. Kisha akaendelea kuushindilia udongo kwa mguu.