Malame Saba ya Objectif ya Gael

...na bado anacheka, ule Gael, pale ku mulango mbele ya beseni ya mikate ya Noëlla, bibi yangu wa ndoa, anacheka sawa mutu mwenye objectif yake, jicho la kamera yake, haikufa, na mi, fundi wa kamera, nimeinama hapa ndani nasafisha malame yake na essence, petroli, moja moja, saba, bibati bidogo byenye kufungua na kufunga njia ya mwangaza, byembamba kuliko ukucha, juu alisikia binakwama akatia mafuta ya mashini ya kushona ya mama yake, Mungu wangu!, mutu wa Kolwezi anafikiri kila kitu chenye kuingia vumbi kinaomba mafuta, na malame haipendi mafuta, inashikana... "Noëlla, we!" anasema, Noëlla, si mama Noëlla, mi ananiita tata Mpoyi kwa heshima yote lakini bibi yangu anamuita kavu, sawa walikomaa nyumba moja... na hii ya tatu, ncha yake imevunjika, na kuvunjika huku nakujua, juu nilikuona mu telefone ya Noëlla, ile photo ya harusi ya jirani yetu Mamie, mi sikuenda, nilikuwa na kazi, Noëlla anacheka meno yote inje, na nyuma yake taa za salle ya harusi zimekuwa miviringo ya pembe saba, taa ya mbali inachukuaka sura ya malame, fundi yeyote anajua, na kila muviringo pembe yake moja imekatika, pembe ile ile ya hii lame ya tatu. Nilimuuliza, nani alikupiga photo? Akajibu, Charlotte, na telefone yake. Charlotte, dada yake! Telefone haina lame hata moja, alinidanganya macho kwa macho huku ananipakulia bukari, ugali wetu, na mi nikala, mujinga, nikala nikashiba... sasa tone moja ya mafuta, moja tu, pale kwenye kishimo cha lame ya tatu, leo itatembea muzuri, kesho kutwa itakwama katikati ya harusi yenye atapiga, na ukoo muzima utamucheka, atajua... sindano iko mukononi, tone inaninginia, na inje Noëlla anamwambia Gael chini chini, lakini mi niko na masikio: "Siku ulinipiga ile photo niliogopa, Gael. Nilikuwa nimesahau namna mutu anatazamwaka. Bwana yangu anatazamaka tu bitu byenye kuharibika." ...muongo! muongo mukubwa, mi namutazamaka, kila siku, miaka kumi na mbili, hata leo asubuhi, alisimama hapa na chai, akasema kitu, alivaa kile kitenge cha... chekundu? cha maua? alikuwa amesuka, ama alifunga kichwa... yuko hatua tatu nyuma yangu, inafaa tu nigeuze shingo, na sigeuzi, naogopa, juu nikigeuza nitajua kama kweli sikumuona.