Pua ya Saba

...hewa tupu, basi, wamemwekea hewa tupu, wanamjaribu, maana kanuni inaruhusu, kuna kifungu kinachosema kwamba mara moja moja msimamizi anaweza kupitisha kwenye faneli hewa safi isiyo na sampuli yoyote ili kuwanasa wanusaji wenye tabia ya kubuni, na Bi Kipimo, ambaye kwenye makaratasi ni Pua ya Saba, si mtu wa kubuni, miaka kumi na tisa ameiinamia faneli hii hii ya kioo, atatamka sifuri na huko juu watatazamana na kusema, huyu mama, pua yake ingefaa kukatiwa bima... akavuta tena, taratibu, mdomo kaufumba, mabega kayashusha, kama alivyowafundisha wengine wote, na kilichoingia kilikuwa ubaridi tu, ubaridi wa hewa iliyopita kwenye bomba la chuma, kama ya chumba kilichohamwa. Upande wa pili wa kidirisha karani ameshika penseli anangoja, mama wa rika lake, miwani yake imefungwa uzi, wamefanya kazi pamoja tangu jengo hili halina lifti, na sasa lina lifti isiyofanya kazi, nayo ni hatua... "Namba, dada?" Ngoja, dakika haijaisha, mnusaji ana dakika nzima, imeandikwa, na nyuma ya ukuta huu, ndani ya kabati la chuma lenye mlango mzito kama wa benki, kuna kipande cha kioo kilichopakwa gundi ya sakafu, kimelazwa humo siku ishirini na nane kama mgonjwa wa kutengwa, hewa inaingia huku inatokea kule, mashine imeshapima ile mivuke iliyomo kwenye orodha, na isiyomo kwenye orodha imeachiwa pua, maana mashine haijui kitu ambacho haikuambiwa, pua tisa, kila pua namba yake, kuanzia sifuri mpaka kumi na tano, wastani ukivuka saba hakuna cheti cha kijani, na bila cheti cha kijani gundi haiingii shuleni wala hospitalini wala ofisini, isipokuwa ofisi kama hii, iliyojengwa kabla ya kanuni na inayoendelea kuwauma watu vichwa kihalali kabisa.

Ila Pua ya Sita... fundi cherehani mstaafu, amepishana naye mlangoni sasa hivi, macho mekundu, anajifuta kwa mkono wa shati, akamnong'oneza, "Leo wametuletea shetani mwenyewe, Bi Kipimo, jikaze," naye akamkata jicho, kwa sababu ni marufuku wanusaji kuambiana neno kabla ya namba kuandikwa, na moyoni akasema masikini, ameyaanza yale mambo yake ya nyumbani, kisha analeta machozi kazini... lakini mtu hamlilii mkewe na kumwita shetani kwa sauti ya mzaha namna ile, au humlilia, yeye atajuaje, miaka mitatu sasa hana wa kumwita shetani. Dada, nipe chupa ya kulinganishia, alisema, au alidhani amesema, maana chupa ilikuwa imeshapitishwa kidirishani, ile ya kumi na mbili, asetoni kali, ndugu yake ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, mwanafunzi mpya akipewa hurudi nyuma hatua mbili, akaifungua, akainusa, akaisogeza mpaka ikagusa mdomo wa juu, ubaridi ule ule, na hapo hapo barua ikaanza kujiandika kichwani, kumbukumbu namba fulani, yahusu uzembe wa kuhifadhi chupa za kulinganishia, nasikitika kukuarifu kwamba chupa tajwa hapo juu imeachwa wazi au imeongezwa maji na mtu asiyejulikana, nakala kwa mkuu wa maabara, nakala kwa stoo, nakala kwenye jalada... akamrudishia karani, na karani alipoipokea ili aizibe, kabla kizibo hakijakaa, akageuza uso upande, akafumba jicho moja, akakunja pua. Basi. Kitu kidogo kile, mtu hakifanyi kwa kukusudia, halipwi kwa kukifanya, hana hata cheti cha kunusa huyu dada, ameajiriwa kuandika... na barua ikakatikia katikati ya sentensi.

Akarudi kwenye faneli haraka, kama mtu anayerudi ndani baada ya kuona watu asiotaka kuwasalimia, akavuta, akavuta, mafua yalikuwa lini, wiki nne zilizopita, wiki moja tu kitandani, akapona vizuri, akarudi, akajaza fomu, je una mafua, akaweka alama kwenye hapana na ilikuwa kweli, je umekula kitunguu, hapana, je umejipaka manukato, hapana, huu mwaka wa kumi na tisa hajajipaka chochote, anaoga kwa sabuni isiyo na harufu, anafua kwa sabuni isiyo na harufu, chakula chake hakina hata tangawizi, binti yake alisema siku moja, mama, nyumba yako ni kama chumba cha kupigia picha mbavu, na fomu ikauliza mambo yote hayo ila haikuuliza je una pua, kwa kuwa nani angefikiri kuuliza. Na wifi. Wifi alipokuja Jumapili ile, dada wa marehemu, mtu pekee anayebisha hodi bila kupiga simu kwanza, alisimama mlangoni na kikapu chake, akavuta pumzi akaikatiza, akasema, "Wifi, humu ndani kuna kitu kimekufa." Na yeye, ee, yeye alijibu nini, alivuta kiti akakaa kama hakimu, akasema, "Wifi, leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi kunusa?" Wifi akasema hapana, ila nadhani ni panya, labda nyuma ya kabati, tulisogeze, naye akasema kabati halisogezwi, pua hii inakaguliwa kila mwaka na ina muhuri, yako ina muhuri wa nani, na maneno yakavutana mengine, ya mazishi, ya nani alichelewa na nani alilia kwa sauti, mpaka wifi akabeba kikapu chake kama alivyokuja nacho, hakukifunua hata kitambaa, na tangu siku hiyo hodi hakuna... kwa hiyo panya yupo. Wiki tatu anakula chakula chake kama cha hospitali mezani pale, anasinzia kwenye kochi pale, na panya yuko nyuma ya kabati anaendelea na shughuli zake, jirani anafunga madirisha ya upande wake, naye alidhani jirani anaogopa vumbi, alimsifu hata.

"Dada, dakika inaisha," karani akasema, kwa upole, na akapekua karatasi ili isionekane anaharakisha... naam, naam. Sasa shati. Lisije shati, hapana, likae huko huko, ila limeshakuja. Marehemu alikuwa seremala, na kwa viwango vya ofisi hii asingepata cheti hata kwa kuhonga, gundi, vanishi, tapentaini, vumbi la mbao, jasho, mtu aliyevuka kumi na mbili akiwa amelala, wakicheka wote wawili, yeye akimwambia kaa mbali kesho nina kazi, naye akimjibu kwamba ameoa mbwa wa polisi, na wakati mwingine kweli ilibidi alale chumba kingine, usiku wa kuamkia sampuli, jumla ya usiku ngapi katika miaka ile, mtu akizijumlisha... akafa, na shati lake la kazi akalitia kwenye mfuko wa sampuli wa hapa kazini, ule usiopitisha hewa, akalibandika lebo, tarehe, saa, na akajiwekea utaratibu, maana bila utaratibu angelimaliza kwa wiki moja, mara moja kwa mwezi, pumzi mbili, kisha kufunga, miaka mitatu, akiandika kwenye kidaftari, kumi, tisa, tisa, nane, likishuka kama kila kitu kinavyoshuka, hata rangi ya ukuta hushuka, na mwezi huu, Jumamosi ile, siku moja kabla ya wifi, akafungua, pumzi ya kwanza, hakuna, ya pili, hakuna, ya tatu aliyoiiba, hakuna, akakaa kitandani nalo mapajani, hakulia, alijiambia kitaalamu kabisa kwamba kila sampuli ina mwisho wake, akaandika sifuri, akapiga mstari, akalipeleka kwenye beseni. Alilifua. Kutoka nane mpaka sifuri kwa mwezi mmoja, na mtaalamu wa mivuke hakushtuka, kitu gani duniani hushuka namna hiyo, angeletewa karatasi kama hiyo na mwanafunzi angemrushia, na alilisugua kola kwa vidole vyake mwenyewe, akalisuuza mara mbili, maji ya kwanza yalikuwa ya kahawia, akayamwaga. Seremala alikuwa bado yumo. Nane, labda saba na nusu, alikuwa yumo mwote, kwapani, kwenye mshono wa mfuko, anangoja kunuswa, na yeye akiwa mlangoni pake hana pua ya kubishia hodi.

Vuta. Hakuna. Vuta tena... watu wengine huulizwa nini kwa siku, hujambo, sijambo, basi, umetoa umepokea, lakini hapa, mahali hapa tu katika dunia nzima, mtu anashika penseli, ananyamaza, anamtazama, anataka kujua kwa dhati yeye anasikia harufu gani na kwa kiasi gani, na jibu linatiwa kwenye jalada na jalada linatunzwa miaka kumi, hata mumewe hakumtunza hivyo, Mungu amrehemu. Na kazi hii inaweza kuendelea, tusidanganyane, ukaguzi wa pua uko mbali, miezi tisa, na namba siyo ngumu, Pua ya Sita ametoka na machozi, hiyo ni kumi au kumi na moja, taja tisa, tisa haishtui mtu, na kesho atazame nani anakohoa, nani anatabasamu, nani anajipepea, angeweza kuwa pua bora kuliko alivyokuwa, kwa macho tu. Mtu mwenye akili angesema tisa. Lakini Jumanne. Jumanne ilikuwa ile rangi ya ukutani, sampuli yake ya kwanza tangu mafua, kopo jeupe lenye picha ya jani, na fomu ya maombi aliisoma kinyumenyume kidirishani kwa mazoea, matumizi yaliyokusudiwa, wodi ya watoto njiti, na yeye aliinama hapa hapa, akaona ubaridi, akafurahi, akatamka moja, akajisikia mkarimu kwa kutosema sifuri, na jumla ikawa sitini na moja, ukigawa kwa tisa ni sita nukta nane, imepita, cheti cha kijani, mkuu wa maabara akapiga muhuri akipiga miayo. Toa ile moja yake. Sitini, gawa kwa nane... hahitaji penseli, saba na nusu, saba na nusu haipiti, haipiti hata ukimjua mkubwa, na namba ya mnusaji mwandamizi haikatwi hata ikipotoka, kuna waraka, aliuomba yeye mwenyewe mwaka ule walipojaribu kumkata, akashinda, wakampa keki. Mafundi rangi wataanza lini, wiki hii, ijayo, watapaka kuta nne na dari, watafunga madirisha kwa sababu watoto wale hawatakiwi baridi, na kila mmoja atalazwa chali, mapafu kama vidole vya glavu, anavuta kile alichopewa avute, hana dakika moja ya kanuni, hana chupa ya kulinganishia, hakuna anayemwinamia na penseli kumuuliza namba yake ni ngapi.

Wanane walisema. Hilo ndilo, wanane walisema kweli na yeye akawanyamazisha kwa moja... na akajikuta, bado kainama, kidevu kwenye ukingo wa kioo, mgongo unauma pale unapouma siku zote, anafikiri kwa utulivu wa ajabu, kama mtu anayepanga sokoni ataanza na nini, kwamba mkuu wa maabara yuko ghorofa ya tatu na ngazi ni arobaini na mbili, kwamba fomu ya kubatilisha cheti ni ya buluu, au ni ile ya njano, kwamba atalazimika kuitia sahihi kwenye nafasi ya mtu aliyegundua kosa na tena kwenye nafasi ya mtu aliyelifanya, na hawakuacha nafasi ya kutosha, kwamba kisha ataondoka hapa na hakuna atakayemuuliza anasikia nini tena, si kesho, si mwakani, na kwamba hilo linatisha, linatisha sana, ila halitishi kama dari lile jeupe. Hewa ilikuwa inaendelea kutoka kwenye faneli, polepole, imebeba chochote ilichokibeba. Nyuma ya mlango Pua ya Nane alikohoa, zamu yake imefika. Saa ya ukutani ikamaliza dakika.

"Namba, dada?"

"Sina, dada," alisema, uso haujatoka kwenye kioo. "Na Jumanne sikuwa nayo."